Kilichoondolewa na Kilichoongezwa: Hotuba Juu ya Chakula Chetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru)



Halmashauri ilituamuru tuseme leo juu ya chakula, nasi tumetii, ingawa kazi yetu ni kuandika barua za Chama na kutunza vitabu vyake, wala si kuwafundisha watu wazima namna ya kula. Twadhani tulichaguliwa kwa sababu daftari la Mfuko wa Wagonjwa li mikononi mwetu. Mwenye kulisoma daftari hilo tangu kurasa zake za mwanzo hawezi kukosa kuona jinsi lilivyobadilika. Kurasa za zamani zimejaa maombi ya msaada kwa ajili ya homa, uzazi, na mifupa iliyovunjika. Kurasa za karibuni zimejaa ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na kiharusi. Homa huja na kuondoka, lakini maradhi haya hukaa na mtu mpaka mwisho wa maisha yake, na dawa zake hununuliwa kila mwezi. Mweka Hazina amekwisha kuwaeleza hali ya Mfuko huo, nasi hatutaki kuwahuzunisha mara mbili kwa siku moja.

Jambo la pili ni Kikapu cha Desemba. Mwajua ya kuwa kila mwaka michango yetu hununua kwa kila nyumba unga mweupe wa mahindi, unga wa ngano, mchele, sukari, kopo la mafuta ya mgando, na kwa ajili ya watoto biskuti na chupa ya sharubati ya rangi. Mwaka huu baadhi ya wanachama wameleta shauri kwamba kikapu hicho kibadilishwe. Maneno yaliyosemwa katika kikao cha Halmashauri yalikuwa makali kidogo, wala hatukuyaandika yote katika kumbukumbu. Kwa kuwa mtalipigia kura shauri hilo leo alasiri, yafaa kila mmoja apige kura yake akijua ni nini kinachobishaniwa.

Shida hii si yetu peke yetu. Uchunguzi wa serikali juu ya afya ya watu, uliofanywa mwaka wa 2022, ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49, 45 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 18 walikuwa wamedumaa. Tafadhali yafikirini mambo hayo mawili pamoja. Yawezekana mama awe amenenepa kupita kiasi na mtoto wake awe amedumaa, nao hulala nyumba moja na kupakuliwa katika sufuria moja. Basi haitoshi kuuliza kama watu wana chakula kingi au kichache. Lazima tuulize ni chakula gani, na kimetendwa nini kabla ya kufika mezani.

Neno tutakalolitumia sana ni kusindika. Watu wa pwani walilitumia tangu zamani kwa kazi ya kukamua mafuta ya ufuta katika kinu kilichozungushwa na ngamia, na kwa kukamua miwa. Leo maana yake imepanuka. Kusindika ni kila kazi ifanywayo juu ya chakula baada ya kuvunwa au kuchinjwa, ili kihifadhike, au kilike kwa urahisi, au kiuzike.

Kwa maana hiyo hapana nyumba isiyosindika. Mama aanikaye kunde juani, asindika. Wazee wa Kikalenjin watiao maziwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, wakayaweka siku kadhaa hata yakawa mursik, wasindika. Kiwanda cha maziwa kiyachemshacho maziwa ili kuua vijidudu nacho chasindika, na hicho kimetutendea wema mkubwa, maana maziwa mabichi yaweza kumletea mtu homa ya brusela ambayo humtesa kwa miezi mingi. Mkoa huu wetu una historia ndefu katika kazi hiyo. Chama cha ushirika cha maziwa cha KCC kilianzishwa Naivasha mwaka wa 1925, na kabla yake, mwaka wa 1908, Lord Delamere alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni ya Unga, kinu chake kikiwa pale Njoro. Mtu akisimama hapa akasema viwanda vyote ni vibaya, msimsikilize. Sisi wenyewe hunywa chai ya maziwa ya pakiti, na twashukuru.

Walakini kuna kusindika na kusindika. Mwaka wa 2009 Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, huko Brazil, pamoja na wenzake, walitoa njia ya kukipanga chakula kwa kutazama jinsi kilivyosindikwa, na mwaka wa 2014 serikali ya Brazil ikaitia njia hiyo katika mwongozo wake wa chakula kwa raia. Yeye hugawa vyakula katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni vyakula vilivyo katika hali yake, au vilivyoguswa kidogo tu kwa kukaushwa, kusagwa, kuchemshwa au kugandishwa: mahindi, maharagwe, mboga, mayai, nyama, maziwa. Fungu la pili ni vitu tusivyovila peke yake bali tunavyopikia, kama mafuta, chumvi na sukari. Fungu la tatu ni vile vya kwanza vilivyotiwa vya pili, kama samaki wa kopo, jibini, na mkate wa kawaida uliotengenezwa kwa unga, maji, chumvi na hamira. Fungu la nne ndilo lililoleta ubishi duniani. Hivi ni vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Mtengenezaji huchukua nafaka au mafuta, akayavunja katika sehemu zake, akabakiza wanga, au sukari, au protini iliyotengwa, kisha akaziunganisha upya kwa rangi, ladha ya bandia, na dawa za kulainisha na kushikamanisha, hata kikatokea kitu ambacho hakuna jiko la nyumbani liwezalo kukitengeneza.

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, tuchukue kiazi kimoja kilichochimbwa Molo au Mau Narok. Kikichemshwa na ganda lake, bado ni kiazi. Kikikatwa na kukaangwa katika mafuta, kikanyunyiziwa chumvi, kimekuwa chipsi. Si chakula cha kila siku, lakini kila aliyepo aweza kutaja vilivyomo, maana ni vitatu tu. Sasa nendeni dukani mkatazame vile vipande vya viazi vilivyo na umbo moja, vilivyopangwa katika mkebe kama sarafu. Viazi vile vilikaushwa na kusagwa, vikachanganywa na wanga wa nafaka nyingine, mafuta, chumvi na ladha, vikafinyangwa upya. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha humpa mtu kalori zipatazo 87. Gramu 100 za vipande vya viazi vya pakiti hupita 500. Mtoto ashibaye kwa viazi viwili vya kuchemsha aweza kumaliza pakiti nzima, kisha akauliza chakula ki wapi.

Pengine mtasema mtoto huyo ni mlafi. Mwaka wa 2019 daktari mmoja wa Marekani, Kevin Hall, wa taasisi za serikali za afya, alitoa habari za jaribio lake. Watu 20 walikaa hospitalini mwezi mmoja. Kwa majuma mawili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa majuma mawili mengine wakapewa vyakula vilivyo karibu na hali yake. Meza hizo mbili zilipangwa ziwe na kiasi sawa cha sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Katika majuma ya vyakula vya kiwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kila siku, ambazo ni kama sahani nzima ya ugali juu ya chakula cha kawaida, na wakaongezeka karibu kilo moja. Katika majuma yale mengine wakapungua kiasi hicho hicho. Ilionekana pia kwamba walikula upesi zaidi vyakula laini vya kiwandani. Watu 20 ni wachache, na mwezi mmoja ni mfupi, lakini watu walikuwa wale wale, na kilichobadilika kilikuwa chakula.

Sasa twaja kwenye unga, na hapa ndipo maneno ya Halmashauri yalipopata moto.

Yatupasa kusema kweli kwamba mafungu ya Profesa Monteiro hayatusaidii sana katika ugali. Yeye huweka unga wote wa mahindi katika fungu la kwanza, uwe wa kinu cha posho au wa pakiti nyeupe kabisa, kwa kuwa hakuna kilichoongezwa cha ajabu. Kwake yeye swali kubwa ni kilichoongezwa. Kwetu sisi, tulao ugali mara moja au mbili kila siku, lipo swali la pili lililo sawa na hilo kwa uzito: kilichoondolewa.

Punje ya mahindi ina sehemu tatu. Nje kuna ganda. Ndani kuna wanga mweupe, ulio sehemu kubwa. Na pale chini, upande wa ncha, kuna kiini, ambacho ndicho mtoto wa mhindi. Kikipandwa ndicho kiotacho. Kiini hicho ni kama sehemu moja ya kumi ya punje, lakini kina sehemu kubwa ya mafuta yake, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Kinu cha posho cha mtaani husaga vyote pamoja. Kinu kikubwa hukoboa kwanza, kikaondoa ganda na kiini, kikasaga wanga uliobaki. Kwa nini? Mafuta ya kiini huchacha. Unga wa posho ukikaa majuma mengi huwa mchungu, bali unga uliokobolewa hukaa miezi katika ghala na rafu bila kuharibika. Kiini na pumba hazitupwi. Huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Kwa hiyo ng'ombe wa gredi wa Subukia hupata sehemu iliyo bora, na mwenye ng'ombe hula iliyobaki. Tena hununua kwa bei ya juu zaidi.

Jambo hili la kuondoa ganda liliwahi kuwafundisha madaktari somo kubwa. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, alipokuwa Java, aliona kuku wa maabara wakipooza miguu walipolishwa mchele mweupe uliokobolewa, na wakipona waliporudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani. Watu wa huko walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa namna hiyo, na wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Kumbe chanzo chake ni upungufu wa kitu kilichokuwa katika ganda, ambacho leo huitwa vitamini B1. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1929. Hatusemi kwamba mla unga mweupe wa Nakuru atapooza kama kuku wale, kwa maana yeye hula na mboga na maharagwe, kama anayo. Neno letu ni hilo la mwisho: kama anayo. Mwenye mfuko mwepesi hula ugali mwingi na mboga kidogo, naye ndiye akosaye zaidi kile kilichoondolewa.

Serikali yaijua habari hii. Tangu mwaka wa 2012 sheria huwaamuru wenye viwanda kutia katika unga wa mahindi na wa ngano vitamini na madini, kama chuma na zinki, ili kurudisha sehemu ya vilivyoondolewa na kuongeza vingine. Ni sheria njema, na mwenye kununua pakiti atazame kama ina alama ya kuonyesha hivyo. Hata hivyo nyuzinyuzi hazirudishwi, nazo ndizo zifanyazo ugali usageuke upesi kuwa sukari katika damu. Wagonjwa wetu wa sukari wanalijua jambo hilo, maana huambiwa kliniki.

Najua, au tuseme twajua, kwamba kuna jambo jingine ambalo halisemwi waziwazi. Unga mweupe ni heshima. Neno posho lenyewe lilikuwa jina la chakula alichopimiwa kibarua katika mashamba ya walowezi, na wazee wetu waliopimiwa posho hiyo Njoro, Solai na Rongai hawakuipenda kumbukumbu yake. Kisha mwaka wa 1984, mwaka wa ukame mkubwa, nchi ikaletewa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watu wakayala kwa huzuni wakisema ni chakula cha wanyama. Lakini rangi ile ya njano ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mahindi yetu meupe hayana. Tena mahindi meupe yenyewe si ya babu zetu wa kale; yalienea sana katika nyanda hizi baada ya mwaka wa 1900. Kabla yake wimbi na mtama ndivyo vilivyosagwa juu ya jiwe, na ugali ulikuwa wa rangi ya udongo. Mzee mmoja wa Halmashauri alituambia kwamba hawezi kumwandalia mkwewe ugali wa kahawia siku ya Krismasi. Twamheshimu mzee wetu, na neno lake si la kuchekwa. Mtu hali tumbo tu, hula na jina lake pia. Ila twauliza kwa adabu, je, mkwe huyo akienda nyumba nyingine akakuta uji wa wimbi, hausifu?

Wapo waliouliza kama unga wa posho ni salama, na swali hilo ni la haki kuliko yote. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na maji huota kuvu, na aina moja ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Ukambani na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa, na wengi wao walikuwa wamekula mahindi ya ghala zao wenyewe. Sumu hiyo hukaa sana katika ganda na kiini, hivi kwamba kukoboa huipunguza. Basi mwenye kula punje nzima hana budi kuichagua punje yake kuliko mwenye kula iliyokobolewa. Viwanda navyo havikuepuka, maana mwaka wa 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina tano za unga wa pakiti kwa sababu hiyo hiyo.

Sheria ya viwango husema mahindi yasiwe na maji kupita asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupimia aweza kufanya hivi. Atwae chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, atie mahindi kama robo yake, na chumvi kavu kidogo, aifunge na kuitikisa kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, yaanikwe tena. Na yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zilizogeuka rangi, zilizotobolewa na wadudu au zenye vumbi la kijani zichambuliwe na kutupwa. Wasipewe kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu ya ng'ombe hurudi kwetu katika maziwa.

Twaja kwenye suala la wakati. Mama mmoja mwanachama, afanyaye kazi katika shamba la maua Naivasha, alisema maneno ambayo hatukuweza kuyajibu mara moja. Alisema: "Mimi huamka usiku, hurudi usiku. Maharagwe huchukua saa tatu na makaa ni ghali. Pakiti ya tambi huchukua dakika tatu. Karani atanipikia?" Wajumbe walicheka, lakini yeye hakucheka.

Ni kweli kwamba vyakula vya fungu la nne havikushinda kwa utamu peke yake. Vimeshinda kwa sababu humwokoa mtu aliyechoka. Kwa hiyo mwenye kumshauri mama huyo aviache, lazima amwonyeshe kitu kingine kilicho cha upesi. Kitu hicho kipo, nacho ki mbele ya macho yetu. Katika Kaptembwo, Bondeni, Free Area na mitaa yote ya jiji letu wapo mama wachemshao githeri na maharagwe katika masufuria makubwa, wakiuza kwa kikombe. Makaa yao huivisha chakula cha nyumba nyingi kwa mara moja. Mtu hununua vikombe viwili, hukaanga kitunguu na nyanya, na chakula ki tayari kabla ya habari za saa moja kwisha. Yule mama wa githeri ni msindikaji. Ametuondolea saa tatu za moto, wala hakuondoa kitu kingine chochote. Maharagwe yakilowekwa tangu usiku huiva upesi zaidi, hata kwa wenye kupika nyumbani. Magadi pia huharakisha, lakini huharibu vitamini, basi yatumike kwa uchache.

Katika mboga hatuna haja ya kusema mengi, kwa maana hapa Nakuru twakaa katikati ya bustani. Managu, terere, sageti na kunde zimerudi sokoni kwa wingi, baada ya kudharauliwa muda mrefu kuwa mboga za maskini. Mwaka wa 2021 UNESCO iliandika kazi ya Kenya ya kuvihifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mema ya kufuatwa na mataifa. Wageni wametusifu, imebaki sisi kununua.

Juu ya vinywaji tutasema neno moja lenye hesabu. Soda za kola huwa na sukari ipatayo gramu 10 au 11 katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina gramu zipitazo 50, yaani vijiko vya chai 12 au zaidi. Shirika la Afya la Dunia hushauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na kwamba ni afadhali ikiwa nusu ya hapo. Chupa moja humaliza ruhusa ya siku nzima, kabla ya chai yenye sukari haijanywewa. Ndiyo sababu sharubati ya watoto imetajwa katika shauri. Maziwa ya mala ya nyumbani na yogati ya kikombe yenye rangi ya waridi navyo huitwa ndugu, lakini aliyesoma maandishi ya kikombe ataona sukari, ladha na wanga wa kuongeza uzito ambavyo mala haina.

Maandishi hayo ya pakiti ni madogo, nasi twawasihi mchukue miwani. Vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Biskuti ambayo sukari ni ya kwanza au ya pili ni sukari iliyotiwa unga. Ikiwa orodha ni ndefu, na ndani yake kuna majina ambayo hakuna mama aliyewahi kumtuma mtoto dukani akayanunue, kama emalsifaya, sharubati ya glukosi, ladha bandia, na namba zenye herufi E mbele yake, mwajua chakula hicho ni cha fungu lipi. Soseji za smoki ziuzwazo katika vigari barabarani ni za fungu hilo hilo, na yai la kuchemsha lililo kando yake katika kigari kile kile ni la fungu la kwanza. Mwuzaji ni mmoja, kachumbari ni ile ile, naye hatapata hasara kwa uchaguzi wetu.

Sasa shauri lenyewe, kama lilivyoandikwa. Kikapu cha Desemba kibaki na mchele, unga wa ngano na sukari, ila sukari ipunguzwe kwa nusu. Mafuta ya mgando yaondolewe, yawekwe mafuta ya maji. Biskuti na sharubati ziondolewe, na fedha zake zinunue maharagwe, njugu na wimbi wa uji wa watoto. Mahali pa unga mweupe, Chama kinunue mahindi makavu kwa magunia kutoka kwa wakulima wa Rongai na Bahati mwezi wa Novemba, yapimwe, yachambuliwe na kamati ya watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu, kisha yasagwe kwa mafungu mawili, nusu katika juma la pili la Desemba na nusu katikati ya Januari, ili usiwepo unga wa kuchacha ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Wenye mashine ya kusaga wawili wamekubali kutupunguzia bei.

Halmashauri haikutaka kumlazimisha mtu, hasa mzee wetu mwenye mkwe. Kwa hiyo anayetaka kikapu chake kiwe na pakiti ya unga mweupe ataandikiwa, hata shauri likipita. Daftari li mezani petu karibu na mlango, na litafungwa saa kumi kamili, kabla ya kura kuhesabiwa.